Kutoka Mto Ruiru hadi Mto wa Shaka

Mtu asimamaye juu ya daraja la Ruiru wakati wa masika, akayatazama maji mekundu yapitayo kwa kasi chini yake, huenda akaingiwa na tamaa. Hujisemea moyoni kwamba laiti angekuwa na mtumbwi, na marafiki watatu wenye mikono ya kazi, na hema, na sufuria, na ndoana chache, angeweza kuyafuata maji hayo mpaka yaendako, akivua mchana na kupiga kambi jioni. Na maji hayo yaenda mbali kweli. Mto Ruiru hushuka kutoka nchi ya juu ya Wakikuyu, hupita katika mabonde ya Githunguri na mashamba ya kahawa yaliyosalia, kisha maji yake hufika katika mto Athi. Athi nao huzunguka Kilimambogo, hukata nchi ya Wakamba, hupata jina la Galana, na mwisho huitwa Sabaki pale unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi.

Lakini mtumbwi wake haungefika huko. Karibu na Kilimambogo yapo Maporomoko Kumi na Manne, ambapo Athi huanguka kutoka juu ya miamba kwa mistari mingi myeupe. Mbele zaidi, katika mbuga ya Tsavo, yapo maporomoko ya Lugard, na huko mto mpana hubanwa ndani ya nyufa za jiwe. Hata Ruiru wenyewe wateremka kwa haraka mno. Wazungu wa kwanza walipoutazama hawakufikiri habari za vyombo, bali habari za mitambo. Na umeme uliowasha taa za Nairobi katika miaka yake ya mwanzo ulitoka katika mto huo, kabla ya Vita Kuu ya 1914. Ndiyo maana Wapokomo, wakaao penye Tana ya chini iendayo polepole, ni mabingwa wa mitumbwi tangu kale, na Wakikuyu wa Ruiru hawana chombo hicho katika mila zao. Wengine husema kwamba sababu ni kuwa Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Ni kweli kwamba hawakuwala, lakini hata kama wangewala, mto ule usingewakubalia mtumbwi.

Mwaka 1909, katika shamba la Juja lipakanalo na Ruiru, walikutana watu wawili ambao habari zao zafaa kusimuliwa pamoja. Mmoja alikuwa amekwisha kushindwa na mto. Mwingine alikuwa bado hajakutana na wake.

MASHUA ZA CHUMA

Mwenye shamba alikuwa Mmarekani tajiri, Bwana William Northrup McMillan. Alikuwa na mwili mkubwa kupita kiasi, na moyo wa ukarimu kwa wageni. Jina lake bado lasomwa mjini Nairobi, katika maktaba ambayo mjane wake aliijenga kwa ukumbusho wake na ambayo ilifunguliwa mwaka 1931.

Kabla ya kuja kukaa Juja, Bwana McMillan alikwenda Uhabeshi mwaka 1903, na shabaha yake ilikuwa kuteremka mto Nile ya Buluu kwa mashua mpaka Sudan, jambo ambalo hapana mtu aliyekuwa amelifanya. Hakukosa fedha, wala hakukosa maandalio. Mashua zake zilikuwa za chuma, zimetengenezwa ng'ambo na kuchukuliwa safari ndefu ya nchi kavu mpaka ukingoni. Lakini Nile ya Buluu hupita ndani ya korongo lenye kina kirefu ajabu, na maji yake huruka kutoka mwamba mpaka mwamba. Mashua zilipotiwa majini hazikwenda mbali. Zilipigwa na mawe, zikavunjika na kuzama pamoja na vyakula, na safari ikaisha karibu na pale ilipoanzia. Matajiri na masikini hulipa mto nauli moja. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1968 ndipo kikosi cha askari wa Kiingereza kilipopita sehemu kubwa ya korongo lile kwa mashua za mpira zilizojazwa upepo, wakisaidiwa na ndege. Na hata wao walimpoteza mwenzao mmoja aliyekufa maji.

Mgeni aliyefika Juja mwezi wa Mei 1909 alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika kiti cha Rais wa Marekani miezi miwili tu kabla ya hapo. Alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington, naye alikuwa pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Katika kitabu alichoandika juu ya safari hiyo, mlango mmoja wahusu Juja, viboko wake na chui wake, na mto wa Ruiru ameuandika kwa jina la Rewero, kama masikio yake yalivyomwambia. Katika siku hizo za Juja Kermit alimpiga chui risasi, naye chui, kabla hajafa, alimjeruhi mmoja wa watu waliokuwa wakiwafukuza wanyama kutoka vichakani. Baba aliandika kwa fahari juu ya ushujaa wa mwanawe, lakini pia kwa wasiwasi kidogo, kwa kuwa kijana huyo alikuwa mwepesi wa kuthubutu. Msomaji na alikumbuke jina la Kermit, maana bila yeye baba yake hangerudi kutoka safari ya pili.

MTO USIOJULIKANA UENDAKO

Mwaka huo huo wa 1909, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, kanali mmoja wa jeshi la Brazili, Cândido Rondon, alikuwa akipitisha waya wa simu katika misitu na nyika za nchi yake. Katika kazi hiyo aliona chanzo cha mto uliokwenda kaskazini na kupotea msituni. Hapana aliyejua urefu wake, wala ulimwaga maji yake katika mto gani. Basi Rondon akauandika katika ramani yake kwa jina la Rio da Dúvida, yaani Mto wa Shaka.

Roosevelt alijaribu kurudi katika kiti cha Rais mwaka 1912 akashindwa. Mwaka uliofuata alialikwa Amerika ya Kusini kutoa hotuba, na huko Serikali ya Brazili ikamwuliza kama angependa kufuatana na Rondon na kuuteremka mto ule mpaka mwisho wake. Alikuwa na umri wa miaka 55, mnene, mwenye jicho moja tu lionalo vema, na mguu uliowahi kuumizwa vibaya katika ajali ya gari la farasi mwaka 1902. Akakubali mara moja. Kermit, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Brazili na alikuwa amekwisha kumchumbia msichana, aliahirisha arusi yake ili amlinde baba.

Kwanza walisafiri kwa nyumbu zaidi ya mwezi mmoja. Huko njiani ndiko yalikofanyika makosa ambayo kila mtu apangaye safari ya kambi hana budi kuyafikiri. Mizigo ilikuwa mingi kupita nguvu za wanyama. Masanduku ya vyakula vya anasa yalitupwa, wanyama walikufa, na mitumbwi myepesi iliyoletwa makusudi kutoka ng'ambo ikaachwa nyuma kwa sababu hapakuwa na wa kuichukua. Walipofika ukingoni mwa Mto wa Shaka hawakuwa na chombo hata kimoja cha kwao. Ilibidi kutumia mitumbwi saba ya magogo yaliyochongwa, iliyopatikana pale pale. Roosevelt mwenyewe ameieleza kwa ufupi: mmoja ulikuwa mdogo, mmoja ulipenda kupinduka, miwili ilikuwa ya zamani, imelowa maji na kuvuja, na mitatu ilikuwa mizuri. Kwa hiyo matumaini yote ya watu 22 yalikaa katika mitumbwi mitatu.

Waliondoka tarehe 27 Februari 1914. Wakubwa walikuwa sita: Roosevelt na Kermit, Rondon na msaidizi wake Luteni Lyra, Bwana George Cherrie, mtaalamu wa ndege, na Daktari Cajazeira. Wengine 16 walikuwa wapiga makasia, baadhi yao watu weusi wenye asili ya Afrika, baadhi wa damu ya wenyeji wa misitu, na wengi wao wa damu iliyochanganyika. Hao ndio waliochukua, waliofyeka, waliochonga na waliovuta. Vitabu vingi vya safari hupita juu ya watu wa namna hii kama vile mtu apitavyo juu ya daraja; lakini Roosevelt, apewe haki yake, aliwataja kadhaa wao kwa majina na kueleza tabia zao.

SAFARI YA POLEPOLE

Mwanzoni palikuwa kama starehe. Mto ulikuwa umefurika, msitu ulisimama kimya pande zote mbili, na jioni walifunga machela zao katika miti na kula pamoja. Lakini Rondon hakwenda kutembea, alikwenda kupima. Kermit katika mtumbwi mdogo alitangulia, akatua penye kila kona ya mto kusimamisha mti wa kupimia, na Rondon na Lyra nyuma yake walipima masafa na kuandika. Siku ya kwanza, ambayo ilikuwa nusu siku tu, Kermit alitua karibu mara mia moja, na safari nzima ikawa kilomita tisa na kitu. Roosevelt alihesabu chakula kilichokuwamo katika masanduku, akahesabu na kilomita, akaona hesabu hizo mbili hazipatani. Yeye na Rondon waliheshimiana sana, lakini kila mmoja alikuwa na mto wake: Rondon alitaka mto uingie katika ramani, Roosevelt alitaka watu wake watoke ndani ya mto.

Tarehe 2 Machi walisikia ngurumo mbele yao. Mto uliokuwa mpana ulijikunja ukaingia katika mfereji wa mawe, na mahali pamoja ukawa mwembamba hivi kwamba Bwana Cherrie alipiga magoti ukingoni, akanyosha bunduki yake, akagusa ng'ambo ya pili kwa mdomo wake. Hapo ndipo waliposhuka. Wapiga makasia walifyeka njia msituni, wakakata magogo mengi na kuyalaza kama reli, kisha wakaiburura mitumbwi juu yake kwa kamba, kila mmoja ukiwa mzito kama ng'ombe aliyekufa. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Walipomaliza waliirudisha mitumbwi majini, wakaenda kidogo tu, wakasikia ngurumo nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki baada ya wiki. Kila mtumbwi ulipoburutwa juu ya mawe ulipasuka kidogo, na kila ulipopasuka uliingiza maji zaidi. Viatu vilioza. Mchwa walitoboa nguo usiku, na inzi wadogo na mbu hawakumpa mtu nafasi hata ya kuandika barua. Wanyama wa kuwinda walikuwa haba kuliko walivyotazamia. Watu waliodhani kwamba msitu ni ghala waliona kwamba ni ukuta.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi maji yalipanda ghafula. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja ilijaa maji, ikakata kamba, ikavunjwa miambani. Walikaa pale siku kadhaa wakiangusha mti mkubwa na kuuchonga kwa shoka na moto, mchana jua na usiku kwa nuru ya mishumaa, mpaka wakapata mtumbwi mpya. Na chakula kiliendelea kuliwa.

SIMPLICIO

Tarehe 15 Machi walifika penye maporomoko yaliyogawanywa na kisiwa. Kermit alikwenda kisiwani kutazama kama upande wa pili ungeweza kupitika, akiwa na wapiga makasia wawili, João na Simplicio. Upande wa pili haukupitika. Walipokuwa wakirudi, kizingia cha maji kiliushika mtumbwi, kikaugeuza na kuutupa katika mkondo. João alifika ukingoni kwa kuogelea. Kermit alipigwa na maji, bunduki ikaanguka mikononi mwake, naye akaponea chupuchupu kwa kushika tawi la mti lililoinama. Simplicio hakuonekana tena. Mtumbwi ulipotea pamoja na vyakula vya siku kumi.

Kesho yake waliandika juu ya mti maneno machache ya kusema kwamba hapo ndipo alipokufa maskini Simplicio. Roosevelt aliandika kwamba kijana huyo hakuwa na mke, lakini mama yake alikuwa hai, na kwamba fedha ambazo angelipwa zitapelekwa kwa mama huyo. Siku hiyo hiyo hawakuweza kukaa matangani. Walivunja kambi wakaenda, kwa sababu kila siku ya kukaa ilikuwa siku ya kula bila kusafiri.

Na siku hiyo hiyo, ile mashua mpya waliyoichonga kwa taabu ilipokuwa ikiteremshwa kwa kamba, kamba ilikatika nayo ikazama. Wakabaki na mitumbwi minne. Mbwa wa Rondon, aliyekuwa mbele yake msituni, aliuawa kwa mishale. Wakajua sasa kwamba wenyeji wa msitu walikuwa wakiwatazama tangu siku nyingi bila kuonekana. Kanali Rondon alikuwa na amri moja kwa watu wake katika jambo hili, amri aliyoishika maisha yake yote: wafe ikiwa lazima, lakini wasiwaue wenyeji. Basi badala ya kupiga bunduki msituni, aliacha zawadi karibu na mzoga wa mbwa wake, wakapita. Wenyeji hao hawakuwapiga. Yaelekea kwamba zawadi zile ziliokoa watu wengi kuliko bunduki ambazo zingetumiwa.

NDOANA NA NJAA

Wengi hudhani kwamba palipo maji mengi hapana njaa. Safari hii yaonyesha vingine. Mto ulipofurika, samaki walitawanyika msituni pamoja na maji, na siku nyingi ndoana zilitolewa tupu. Wapo pia samaki waitwao piranya, wadogo kwa mwili lakini wenye meno kama wembe, ambao humshambulia mtu aliye na kidonda. Kwa hiyo hata kuoga kulihitaji akili.

Siku moja, baada ya kifo cha Simplicio, walipata samaki wawili wanene wa namna iitwayo paku. Walifurahi kwa sababu ya nyama, lakini walifurahi zaidi kwa maneno ya Antonio, mmoja wa wapiga makasia, mtu wa kabila la Pareci. Alisema kwamba samaki wa namna hiyo hawapandi mto wenye maporomoko makubwa. Basi ikiwa wamefika hapa, maporomoko mbele hayapo. Watu walilala kambini na matumaini. Lakini maporomoko yalikuwapo, tena makubwa kuliko ya nyuma.

Baadaye sana, karibu na mwisho wa safari, walimpata kambare mwenye urefu wa futi tatu na nusu, na walipompasua walikuta tumboni mwake nyani mdogo. Wakamla kambare huyo kwa shukrani. Nyani walikuwa wamekwisha kuwala wenyewe siku nyingi.

MGUU WA RAIS

Mwishoni mwa Machi mitumbwi miwili ilikwama kati ya mawe, ikitaka kupinduka. Roosevelt hakungoja kuitwa. Aliruka majini pamoja na wengine kuiokoa, akapigwa na jiwe katika mguu ule ule wa ajali ya zamani. Jeraha lilikuwa dogo, lakini katika joto na maji machafu liliingia usaha, na juu yake ikaja homa ya malaria. Katika muda wa siku chache mtu aliyekuwa ametawala Marekani hakuweza kutembea hatua kumi.

Ubaya ni kwamba wakati huo huo walifika katika korongo ambalo Rondon mwenyewe alilikatia tamaa. Alisema kwamba mitumbwi haiwezi kupita. Waiache, na kila mtu ajitafutie njia msituni kwa miguu. Kwa watu wazima hilo lilikuwa jambo la hatari. Kwa Roosevelt lilikuwa hukumu ya kifo. Naye alilielewa hivyo. Aliwaita Kermit na Cherrie akawaambia waendelee wenyewe na kumwacha yeye hapo, kwa kuwa amekuwa mzigo na chakula hakitoshi.

Kermit alikataa. Baba akatambua kwamba mwana hataondoka bila yeye, akiwa hai au maiti, na kwamba maiti ingekuwa mzigo mzito zaidi. Akaacha shauri lake. Kisha Kermit akashika kamba. Yeye na Luteni Lyra na wapiga makasia walio hodari waliingia korongoni, wakining'inia katika kuta za mawe, wakaiteremsha mitumbwi mmoja mmoja kwa kamba siku nne. Walipoteza mmoja tu. Kijana aliyeogopewa kwa kuthubutu kwake huko Juja ndiye aliyeokoa safari kwa kuthubutu kule kule.

Njaa ilikuwa imekwisha kuharibu urafiki wa kambi. Mpiga makasia mmoja, Julio, mwenye nguvu nyingi na uvivu mwingi, alikuwa akiiba chakula cha wenzake. Koplo Paishon, mtu mwaminifu, alimkamata na kumkemea. Tarehe 3 Aprili Julio alichukua bunduki, akamfuata Paishon njiani kati ya kambi na maji, akampiga risasi ya moyo, akakimbilia msituni. Walimzika Paishon pale pale alipoanguka. Siku ya tatu Julio alitokea ukingoni, akinyosha mikono na kuomba achukuliwe. Mitumbwi ilipita. Baadaye Rondon aliwatuma watu kurudi kumtafuta ili ahukumiwe kwa sheria, lakini hawakumwona, na hakuonekana tena. Rondon na Roosevelt walibishana juu ya jambo hili. Roosevelt aliona kwamba mwuaji asilishwe chakula cha watu wenye njaa. Rondon aliona kwamba askari wa Brazili hana budi kufikishwa mbele ya baraza. Ni vigumu kusema kwamba mmoja wao alikosa.

MZEE KATIKA MTUMBWI

Tarehe 15 Aprili waliona nguzo ukingoni iliyochomwa herufi mbili, J na A. Ilikuwa alama ya mgema mpira, mtu aliyejipimia ardhi. Hapana kilichowafurahisha kama herufi hizo katika siku zote 48. Kisha wakamwona mzee mmoja mweusi katika mtumbwi wake. Mzee alipowaona alipiga kasia kukimbilia ukingoni, kwa maana tangu kukaa kwake hapo hakuwahi kuona mtu mwema akija kutoka upande wa juu. Ni wenyeji wa msitu tu waliotoka huko. Rondon alisimama akapunga kofia na kuita kwa Kireno mpaka mzee akarudi. Akaambiwa kwamba yule aliyelala chini ya turubai, ndevu hazijanyolewa, mguu umevimba, alikuwa Rais wa Marekani. Mzee hakusadiki upesi.

Siku hizo Daktari Cajazeira aliupasua mguu na kutoa usaha, bila dawa ya kulaza mgonjwa. Tarehe 26 Aprili waliona bendera za Brazili na Marekani katika kambi ya luteni aliyetumwa kuwangoja penye makutano ya mito. Watu 22 waliingia mtoni, 19 walitoka. Roosevelt alikuwa amepungua ratili zaidi ya 50.

Serikali ya Brazili iliubadili jina mto huo ukaitwa Rio Roosevelt. Wataalamu fulani wa Ulaya hawakukubali kwamba mto mrefu namna hiyo ungeweza kufichika, naye akaenda London, akingali dhaifu, kuwajibu kwa ramani ya Rondon mkononi. Mwaka 1927 msafiri mwingine, G. M. Dyott, aliuteremka tena akakuta kwamba ramani ni ya kweli. Kupima kule kwa polepole kulikomkasirisha Roosevelt siku ya kwanza ndiko kulikomwokoa na aibu siku ya mwisho. Hata hivyo afya yake haikurudi kamwe kama zamani, akafa tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60.

Bwana McMillan alifariki mwaka 1925. Alikuwa ametaka kuzikwa juu ya kilele cha Kilimambogo, na husimuliwa kwamba trekta iliyovuta jeneza lake ilishindwa na mwinuko kabla ya kufika, wakamzika hapo ilipokwama. Kaburi lake liko huko hata leo. Huko bondeni chini ya kilima hupita mto Athi, wenye maji ya Ruiru ndani yake, ukielekea katika Maporomoko Kumi na Manne.